Benzi ya zamani haiuawi na umri: jinsi ya kutunza gari lako, na pesa zake, ukiwa Kendu Bay

Kwenye barabara inayotoka Katito, ikapita Kendu Bay na kuelekea Homa Bay, magari mengi utakayokutana nayo ni ya Kijapani: Probox, Fielder na matatu za Toyota. Lakini ukikaa kando ya barabara kwa muda, hasa Ijumaa na Jumamosi wakati watu wanakwenda matangani, utaiona pia ile Mercedes-Benz ya miaka ya themanini au tisini. Rangi imefifia kidogo, taa za mbele ni pana, injini inanguruma bila haraka. Watu wanageuka kuitazama. Wengine wanajiuliza: hii gari bado inatembea?

Inatembea. Na kuna watu wanaoitaka, kwa sababu bei yake ya kununua siku hizi inaweza kuwa chini kuliko ya gari dogo la Kijapani lililoingia nchini juzi. Hapo ndipo wateja wetu wengi wanapojikwaa. Wanalipa gari pesa zote walizo nazo, kisha miezi mitatu baadaye limepandishwa juu ya mawe nyuma ya nyumba likisubiri spea.

Katika makala hii tunataka kusema jambo moja: Benzi ya zamani haiuawi na umri, inauawa na pesa isiyopangwa. Gari lenyewe liliundwa lidumu. Kazi yako ni kuhakikisha pesa ya kulitunza ipo kabla shida haijafika, inamfikia mtu anayestahili kulipwa, na inaacha alama unayoweza kuonyesha baadaye. Simu iliyo mfukoni mwako inaweza kukusaidia kwa yote matatu.

Ni magari gani haya tunayozungumzia?

Hasa ni aina mbili. Ya kwanza mafundi huiita W123. Ilizinduliwa Ujerumani Januari 1976 na ikaundwa kwa takriban miaka 10. Jumla yalitengenezwa karibu magari milioni 2.7. Ndiyo iliyokuwa na majina kama 200, 230E, 240D na 300D. Ya pili ni W124, iliyotokea mwisho wa 1984 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya tisini. Kuanzia 1993 ikaanza kuitwa E-Class.

Hapa Kenya magari haya yalikuwa ya wakubwa. Neno Wabenzi lilizaliwa kwa sababu hiyo, kuwataja matajiri na wanasiasa wa baada ya uhuru waliotambulika kwa gari walilopanda. Baadaye hata serikali iliona kwamba gharama ya gari kubwa haiishii kwenye kununua. Katika bajeti ya Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza mawaziri waachane na magari makubwa na kutumia yenye injini isiyozidi sisi 1800. Wakaletewa Volkswagen Passat. Kama hazina ya taifa ilikaa chini na kupiga hesabu ya mafuta na matengenezo, sisi wenye mfuko mdogo tuna sababu zaidi ya kufanya hivyo.

Jambo lingine la kukumbuka: sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo W123 au W124 unayouziwa leo imekuwa humu nchini kwa miaka mingi, na imepita mikononi mwa watu kadhaa. Historia yake iko mahali fulani. Swali ni kama kuna mtu aliyeiandika.

Kudumu si muujiza

Ukitaka kujua Mercedes za zamani zinaweza kufika wapi, kuna teksi moja ya Ugiriki. Dereva wake, Gregorios Sachinidis wa mji wa Thessaloniki, aliendesha 240D ya 1976 kwa kilomita milioni 4.6, kisha mwaka 2004 akaipeleka kwa kampuni ya Mercedes iwekwe kwenye makumbusho.

Watu hupenda kuisimulia hadithi hii kana kwamba gari lilijiendea lenyewe. Sivyo. Injini ilibadilishwa mara kadhaa, na mwenyewe alikuwa akilishughulikia gari lake kila wakati, kwa sababu ndilo lililomlisha. Somo ni hilo: gari lilidumu kwa kuwa kila lilipohitaji kitu, kitu hicho kililipiwa kwa wakati.

Hesabu ya kwanza: usimalize pesa kwenye kununua

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu amestaafu, amerudi nyumbani Karachuonyo, na ametenga shilingi 400,000 za gari. Anataka gari la kumpeleka kanisani na sokoni, na usiku mgonjwa akizidiwa, limfikishe hospitalini hapa mjini au hata Kisumu kupitia Katito na Ahero. Anaonyeshwa 230E safi ya W124 kwa shilingi 390,000, na nyingine yenye rangi iliyochoka kwa 260,000.

Wengi wangechukua ile safi, halafu wabaki na shilingi 10,000. Sisi tungemwambia: Mwalimu, hata kama gari ni zuri kiasi gani, bakiza angalau theluthi moja ya pesa. Theluthi hiyo italipia kuhamisha umiliki, bima, ukaguzi wa fundi, na sevisi kubwa ya kwanza ambayo kila gari la zamani linahitaji likibadilisha mwenyewe. Ukinunua gari la shilingi 390,000 na huna ya oili, umenunua pambo la boma.

Kuhusu bima, ile ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Bima kubwa ni habari nyingine: kampuni nyingi husita kuitoa kwa gari lililozeeka. Maana yake ni kwamba likiibwa au likigongwa kwa kosa lako, hasara ni yako. Uliza kabla ya kununua, si baada.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja

Ununuzi wa gari ndio muamala mkubwa zaidi ambao wateja wetu wengi hufanya kwa simu, na ndipo matapeli hupiga kambi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Ona gari kwa macho yako, mchana, injini ikiwa baridi. Muuzaji akikwambia "tuma ya kushikilia tu, kuna mtu mwingine njiani", mwache auzie huyo mtu mwingine.

2. Soma nambari ya chasisi kwenye gari lenyewe, kisha uilinganishe na logbuku. Kwa Mercedes huanza na WDB, halafu tarakimu sita za aina ya gari. WDB124023, kwa mfano, ni W124 ya 230E. WDB123123 ni 240D. Logbuku ikisema jambo moja na chuma kikisema lingine, ondoka.

3. Tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Malipo ya serikali kwenye eCitizen hupitia paybill moja tu, 222222. Mtu akikupa nambari yake binafsi "ili akuharakishie", hiyo si ada ya serikali.

4. Linganisha majina. Jina linalotokea kwenye simu yako kabla ya kuthibitisha malipo lifanane na jina la mwenye logbuku. Kama gari ni la marehemu, usilipe hadi uone karatasi za mahakama za usimamizi wa mali. Kesi za namna hii ni nyingi vijijini: mtoto mmoja anauza, wenzake hawajui, na mnunuzi ndiye anayeachwa bila gari na bila pesa.

5. Angalia kikomo chako cha muamala mmoja na cha siku. Ikiwa bei inazidi, gawanya malipo au tumia benki, na kila kipande kiandikwe kwenye mkataba pamoja na nambari ya muamala. Lipa kipande kikubwa baada ya muuzaji kuanzisha uhamishaji wa umiliki mkiwa wote wawili mbele ya skrini.

Gari lenyewe: mahali ambapo pesa yako itakwenda

Hatuwezi kukufundisha ufundi hapa, lakini ukijua gari linavyofanya kazi, hutalipishwa kitu usichokihitaji.

Oili. Dashibodi ya W123 na W124 ina kipimo cha msukumo wa oili chenye namba hadi 3. Ukiwa safarini injini ikiwa moto, mshale unapaswa kuwa juu kabisa, kwenye 3. Gari likisimama huku injini inanguruma, mshale kushuka kidogo ni kawaida. Ukishuka safarini, simama. Kwa barabara zetu na vumbi letu, badilisha oili na filta kila kilomita 5,000. Injini hizi hunywa oili nyingi kuliko gari dogo: kuanzia kama lita 5 hadi zaidi ya 7 kutegemea injini. Basi ukinunua galoni moja ya lita 4, ujue haitoshi.

Joto. Mshale wa joto ukikaa kati ya 80 na 100 hakuna shida. Ukianza kuisogelea 120, zima gari na usubiri lipoe. Injini nyingi za petroli za magari haya, pamoja na dizeli za W124, zina hedi ya alumini, na alumini ikichemka hupinda. Hapo ndipo rejeta iliyoziba, ambayo ingeoshwa kwa pesa kidogo, hugeuka kuwa kazi ya kufungua hedi. Usijaze rejeta maji ya kisima yenye chumvi wala ya ziwani yenye tope. Tumia kulanti, na uibadilishe kila miaka miwili au mitatu.

Dizeli isiyozimika. Kwenye 240D au 300D, ufunguo huzima injini kwa kutumia mvuto wa hewa kupitia mipira myembamba, na W123 hutumia mvuto huohuo kufunga milango. Ukizima ufunguo na injini ikaendelea kunguruma, au milango ikaacha kujifunga yote kwa pamoja, mara nyingi ni mpira uliotoboka tu. Fundi asiyejua gari hili anaweza kukwambia pampu ya dizeli imekufa. Pampu ni pesa nyingi, mpira ni pesa ya chai. Kwa W123 kuna pia kidude cha kuzimia injini kwa mkono ndani ya boneti. Mwombe fundi akuonyeshe mapema.

Vali. Dizeli za W123 huhitaji vali zipimwe na kurekebishwa, kwa kawaida kila kilomita 24,000 hivi. Zikisahaulika, gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi na nguvu inapungua, halafu watu wanasema injini imechoka. Za W124 hujirekebisha zenyewe.

Cheni. Injini hizi hutumia cheni ya ndani, si mkanda wa mpira. Ni jambo jema kwani cheni haikatiki ovyo, lakini nayo hulegea kadri kilomita zinavyozidi. Ukisikia mlio wa kuchakacha upande wa mbele unapowasha, iangaliwe.

Nyaya za 1993 hadi 1995. W124 za petroli za miaka hii ya mwisho zina sifa mbaya moja: ganda la nyaya za injini hukauka na kupukutika. Gari linaanza kuzimazima bila sababu. Kabla ya kununua ya miaka hiyo, mwambie fundi aguse nyaya zilizo karibu na injini. Kama zinamomonyoka kama biskuti, tafuta bei ya nyaya mpya kwanza, kisha ndipo mpatane bei ya gari.

Breki, bushi na tairi. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hata kama breki zinashika, kwa kuwa huvuta unyevu. Nyuma ya W124 kuna mikono mitano kila upande, na kila mkono una bushi zake. Barabara ya mashimo huzimaliza. Habari njema ni tairi: W124 nyingi huvaa 195/65 R15, saizi inayopatikana kirahisi.

Kutu na maji. Ziwa letu kubwa ni la maji baridi, kwa hivyo gari la Kendu Bay haliliwi na hewa ya chumvi kama la Mombasa. Adui wa hapa ni tope la mvua ndefu linaloganda chini ya bodi. Lioshwe chini pia, si juu tu. Na tambarare za Kano zikifurika, usijaribu kupita majini kwa kuwa gari ni zito. Injini ikivuta maji, hakuna hedi wala pistoni itakayokusamehe.

Mfuko wa gari: weka pesa kwa kilomita

Akina mama wengi hapa wana nyoluoro yao: kila wiki kila mmoja anatoa kiasi, na zamu ikifika mtu anapata pesa nzima. Fanya gari lako liwe na nyoluoro yake, isipokuwa mwanachama ni mmoja na zamu huja bila taarifa.

Njia rahisi ni kupanga kwa kilomita. Hapa tunaweka mfano tu. Wewe weka bei za fundi na duka lako.

- Sevisi ya shilingi 12,000 kila kilomita 5,000: shilingi 2.40 kwa kilomita.
- Tairi nne za shilingi 36,000 zinazodumu kilomita 40,000: shilingi 0.90.
- Breki na bushi, shilingi 40,000 kila kilomita 20,000: shilingi 2.
- Dharura: shilingi 2.70.

Jumla ni shilingi 8 kwa kilomita. Mwalimu wetu akiendesha kilomita 700 kwa mwezi, anahitaji kutenga shilingi 5,600, yaani kama 1,400 kila wiki. Kwa mwaka ni 67,200. Mafuta ni mbali: gari la aina hii likila lita 10 kwa kilomita 100, hizo ni lita 70 kwa mwezi. EPRA hutangaza bei mpya za mafuta kila tarehe 14, basi piga hesabu ya mwezi siku hiyo.

Ukiona shilingi 1,400 kwa wiki ni nyingi, ni afadhali uone hivyo leo kabla hujanunua. Hiyo ndiyo bei halisi ya gari.

Pesa hii isikae pamoja na ya unga. Iweke kwenye akaunti ya akiba ya simu, ile ambayo unaweza kuipa jina na kuifunga kwa muda. Gawanya mafungu mawili: fungu la sevisi lifungwe mpaka mwezi wa sevisi, na fungu la dharura liwe wazi. Ukifunga zote, gari likiharibika Jumapili usiku utalazimika kukopa.

Na kuhusu kukopa: mkopo wa simu wa siku chache haufai kwa kazi ya hedi. Ada zake zimepangwa kwa mtu anayerudisha haraka. Ukilazimika, soma gharama yote kwa shilingi, si asilimia tu, na uhakikishe mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Tangu 2022 wakopeshaji wa kidijitali wana kanuni zao za kufuata.

Kumlipa fundi bila kugombana

Siku moja simu inalia. Ni fundi.

"Jaduong', hii gari ni nzuri, shida ni gaskit ya hedi. Nitumie elfu kumi na tano nianze kazi."

Jibu zuri si "sawa", na si "wewe ni mwizi". Ni swali:

"Omera, hiyo elfu kumi na tano ni ya nini na nini?"

Mwache ataje. Gaskit kiasi hiki, kulanti kiasi hiki, oili, kusawazisha hedi kwa mashine, na kazi yake. Kisha tenganisha mambo mawili: spea na ufundi. Spea lipa mwenyewe moja kwa moja kwa till ya duka. Fundi achague, duka likutajie bei, wewe ulipe. Ufundi mlipe fundi kwa nambari yake. Ukifanya hivi, fundi hana haja ya kuficha faida yake ndani ya bei ya gaskit, na wewe huna haja ya kumshuku. Anataja bei ya kazi yake waziwazi, na anastahili kuipata yote.

Fundi naye ana malalamiko yake ya haki. Kuna wateja wanaochukua gari Ijumaa kwa ajili ya mazishi na kusema "tutaongea Jumatatu", halafu Jumatatu hawashiki simu. Kumlipa fundi sehemu kabla ya kazi ni sawa, mradi mmekubaliana kiasi. Mlipe iliyobaki siku ya kuchukua gari, baada ya kuliendesha pamoja. Fundi wa Benzi anayelijua gari lako ni mali. Ukimpoteza kwa deni la shilingi 2,000, utamtafuta mwingine kwa gharama kubwa zaidi.

Kuagiza spea kutoka mbali

Spea nyingi za gari hili hutazipata Kendu Bay mjini. Utatafuta Kisumu, au utaagiza kutoka maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, zije kwa matatu au kampuni ya vifurushi.

- Usiseme "nataka pampu ya maji ya Benzi ya 1990". Tuma nambari ya chasisi na picha ya kifaa cha zamani, kionekane namba yake. Pampu ya injini moja haingii kwenye nyingine.
- Duka usilolijua, lipa kwa till ya biashara badala ya nambari ya mtu. Jina la biashara litatokea kabla hujathibitisha. Lisome.
- Omba picha ya spea ikiwa juu ya karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mali ataipiga kwa dakika mbili.
- Kwa kitu cha bei, kama giaboksi, afadhali utume mtu wako Nairobi akione, au ulipe mzigo ukifika.
- Ukikosea nambari, omba urejeshewe papo hapo, kabla aliyepokea hajazitoa. Wala usimrudishie pesa mtu anayekupigia akidai alikutumia kimakosa; mwambie apitie kwetu.
- PIN yako haihitajiki ili kupokea mzigo, kupokea pesa wala kurejeshewa. Anayeiomba ni mwizi, hata akijiita mfanyakazi wetu.

Daftari la gari

Tulisema historia ya gari ni lazima iwe imeandikwa mahali. Kila ukilipia kitu cha gari, ujumbe wa uthibitisho unaingia kwenye simu ukiwa na tarehe, kiasi, jina la aliyelipwa na nambari ya muamala. Huo ni ushahidi, lakini haujui kama ulilipia bushi au mbuzi. Na simu hupotea.

Kwa hivyo nunua daftari la mwanafunzi, liweke ndani ya gari. Kila kazi andika mstari mmoja: tarehe, kilomita kwenye mita, kilichofanywa, kiasi, nambari ya muamala. Kila mwisho wa mwaka omba taarifa ya miamala yako, uichape, uibandike nyuma. Siku fundi atakapokwambia pampu ya maji haijawahi kubadilishwa, utafungua ukurasa. Siku utakapouza, mnunuzi atalipa zaidi kwa gari lenye daftari kuliko kwa gari lenye maneno matupu. Na kama duka lilikuuzia spea mbovu, huwezi kudai bila tarehe na nambari.

Wakati wa kuliachia

Hatutaki kukudanganya kwamba kila Benzi inafaa kuokolewa. Kila Desemba fungua daftari na ujiulize maswali matatu. Je, pesa za matengenezo mwaka huu zilizidi mfuko niliopanga? Kama ndiyo, je, zilizidi kwa kitu kimoja kikubwa ambacho hakitarudi karibuni, kama hedi, au kwa vitu vidogo visivyoisha? Na je, kuna kutu kwenye vyuma vinavyobeba gari, si kwenye mlango tu?

Kitu kimoja kikubwa kikishalipiwa, mara nyingi miaka inayofuata huwa nafuu. Lakini vitu vidogo visivyoisha pamoja na kutu ya chini ni ishara ya kuuza gari likiwa bado linatembea. Linalotembea lina bei. Lililo juu ya mawe linauzwa kwa kilo.

Anza wiki hii

Kama tayari una gari la aina hii, fanya mambo manne kabla ya Jumapili: andika kilomita zilizo kwenye mita leo, muulize fundi bei za sevisi, breki na bushi, upate shilingi zako kwa kilomita, fungua akaunti ya akiba yenye jina la gari na uweke malipo ya kila wiki yajiendee yenyewe, na nunua daftari.

Kama bado hujanunua, weka hiyo pesa ya wiki kwa miezi mitatu kana kwamba gari tayari unalo. Ukiweza kuiweka bila kuumia, gari utaliweza. Ukishindwa, umejua mapema, na pesa zako bado ni zako.